Asi na Masi

Afande Byaruhanga tulimzika kijijini Masha, katika shamba la migomba la baba yake, siku ambayo jua liliwaka mpaka viti vya plastiki vikawa vinanata mgongoni. Alikuwa ameishi akashiba umri, wanawe na wajukuu wakamzunguka, kwa hiyo msiba wake haukuwa wa kukata maini. Watu walilia asubuhi, mchana wakala, na baada ya kula wakaanza kukumbushana mambo yake na kucheka. Mjane wake, Maama Peninah, alikuwa ameketi mkekani chini ya turubai, na kila nilipopita na sahani alinivuta sketi akawaambia wenzake habari fulani kwa Kinyankore, habari iliyoishia kwa neno moja ambalo nililijua vizuri sana, na wote wakaangua kicheko huku wamejifunika midomo kwa leso. Mwanamume aliyeshika kipaza sauti alinijia akitaka kujua anitangaze vipi: jirani wa marehemu, mteja wake, au mtu wa kanisa lake? Mimi ni Mkongomani wa Kivu Kusini niliyekulia Nakivale, kambi ya wakimbizi. Yeye alikuwa askari mstaafu wa kambi ya Mbarara. Hatukuwa na damu moja, wala lugha moja, na Kiswahili ambacho sote wawili tulidai kukijua ndicho kilichokaribia kumuua mchungaji wetu. “Sema ni mtu wa mashine,” nikamwambia. Akatangaza hivyo hivyo, na kule mkekani wakacheka tena.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule ambao umeme ulikuwa bado mgeni Kashojwa, kijiji chetu ndani ya Nakivale, mimi nikiwa na miaka ishirini. Ya Kivu, na jinsi tulivyovuka, nayaacha. Wengine wameyaeleza vizuri, na mwaka ule wenyewe hatukuyazungumza sana. Niliishi kwa dada yangu mkubwa, yaya Sifa, na mume wake Safari, katika nyumba ya udongo yenye vyumba viwili na baraza pana iliyoezekwa mabati. Baraza hiyo ndiyo iliyokuwa karakana. Upande mmoja palikuwa na jiko la mkaa la yaya na masufuria yake. Upande wa pili palikuwa na meza ya chuma na mashine ya kuchomelea. Katikati tulitundika turubai kukinga chakula. Cheche zilikuwa zimeitoboa turubai hiyo matundu madogo madogo, hata jua la alasiri lilipopenya lilidondosha nukta za mwanga juu ya unga wa muhogo. Chakula chetu chote, bugali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa ziwani, kilikuwa na harufu ya chuma kilichoungua. Safari alisema sombe isiyo na harufu hiyo ni sombe ya wagonjwa. Mpaka leo nikila hotelini mjini huona kuna kitu kimesahauliwa jikoni.

Safari alikuwa fundi wa kweli, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha. Alikuwa amechomelea miaka mingi bila kioo cha maana, na sasa ule mwanga mweupe ukimpata hata kwa pembeni, alishinda siku nzima akibubujikwa machozi kama mtu anayemenya vitunguu. Basi yeye alipima, alikata na kuzungumza na wateja akiwa na miwani yake myeusi, na mimi nilivaa kinyago na kuchomelea. Kazi hiyo, kusude kama tunavyoiita sisi, niliipenda tangu siku ya kwanza. Ukiwa ndani ya kinyago hakuna kambi, hakuna foleni, hakuna anayekuuliza utaolewa lini. Kuna kitone kimoja tu cha chuma kinachoyeyuka, nawe unakisukuma polepole, na ukiwa na mkono mtulivu kinaacha nyuma yake mstari uliopangana kama magamba ya samaki. Wateja walimwita Safari “fundi.” Mimi waliniita “ule shemeji.” Haikunikera, maana mchana kutwa ule moto ulikuwa mkononi mwangu, wala si mwao.

Mashine yenyewe lilikuwa sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani ya jeshi, zito kama mbuzi wawili. Lilikuwa limesukwa kwa mkono Nyamityobora, mtaa mmoja wa Mbarara, na Afande Byaruhanga, ambaye baada ya kutoka kwenye karakana ya kambi alitengeneza mashine za namna hiyo nyuma ya nyumba yake. Ndani yake mlikuwa na mizingo miwili ya waya wa shaba: mmoja hupokea umeme wa nyumbani, mwingine hutoa moto wa kuchomelea. Nje zilitoka nyaya mbili nene. Moja ilishika fimbo ya kuchomelea; ya pili iliishia kwenye koleo inayong'ata meza au chuma unachokiunga, ili moto upate njia ya kurudi. Koleo hiyo sisi Wakongomani tunaiita masi, kwa Kifaransa chetu. Jina hilo ndilo lililotuponza.

Mvua za kwanza ziliponyesha tulikuwa na kazi moja kubwa, mlango wa kanisa letu la Waprotestanti pale Kashojwa. Kanisa lilikuwa na kuta za matofali na paa zuri, lakini mlangoni lilikuwa na pazia la turubai, na mbuzi waliingia ibadani wapendavyo; kulikuwa na beberu mmoja aliyezoea kusimama karibu na madhabahu wakati wa maombi marefu, na waumini walishamzoea. Mchungaji Elia alitaka mlango wa chuma kabla ya Pasaka. Tulikuwa tumeulaza juu ya meza, umefika nusu, siku ambayo yaya Sifa alipita na sufuria ya maharage, kiwiko chake kikagusa sanduku la mashine. Sufuria iliruka kabla yake.

“Inaniuma!” akapiga kelele. “Safari, mashini yako inaniuma!”

“Ni baridi tu, mama,” Safari akasema. Akaligusa sanduku kwa mgongo wa mkono, kama mafundi wanavyofanya, kisha akatamka maneno ambayo mtu anayetengeneza mlango wa kanisa hapaswi kuyatamka.

Tangu siku hiyo nilianza kuichunguza mashine kama mtu anayemshuku mpangaji. Niligundua kuwa iliuma zaidi baada ya mvua. Iliwauma waliokuwa pekupeku, lakini aliyevaa gambuti haikumfanya kitu. Umeme ukizimwa ukutani ilitulia kabisa. Na iliuma vibaya zaidi tulipoisukuma mkono wa kushoto ili tufikie upande wa mbali wa mlango. Nilimweleza Safari yote hayo kwa mpangilio. Akanitazama kupitia miwani yake. “Mauwa,” akasema, “weye unafanya kazi ya kusude ama ya polisi?” Siku hizo hizo Kazungu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa amekwisha kusikia habari. Alikuja akaketi kwenye kibao chetu bila kukaribishwa, akainusa hewa kama mtu aliyepita penye nyama choma. “Mule ndani muko shaba muzuri,” akasema. “Shaba mingi. Yenyewe ikiwachosha, muniite tu.”

Safari akaamua kumpigia simu aliyeisuka. Aliiweka simu juu ya meza yenye sauti wazi, yaya Sifa akaacha kukoroga, hata Kazungu akasogea.

“Afande, ni Safari wa Kashojwa. Mashini inakamata batu.”

“Inakamata watu?” Sauti ya Afande ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo ya mtandao. “Kwani hiyo ni polisi?”

“Inabatetemesha, Afande. Ukigusa sanduku, inakurusha.”

“Aa. Asi iko wapi?”

Safari alisikia masi. Sote tulisikia masi. “Masi iko, Afande. Iko ku meza.”

“Kwa meza? Hapana! Nani aliweka kwa meza? Asi lazima ifungwe kwa bodi, kwa mwili ya mashine. Funga kwa bodi, kaza sana, halafu mashine itasema yenyewe shida yake.”

“Masi ku mwili ya mashini?”

“Ndiyo! Kaza!” Na mtandao ukakatika.

Tulitazamana. Lilikuwa jambo geni, lakini aliyesema ndiye aliyeizaa ile mashine, na baba hafundishwi jina la mwanawe. Koleo tukaiacha ikiwa imeng'ata meza, kwa sababu bila hivyo nisingeweza kuchomelea, ila tulichukua kipande cha waya mtupu, tukakifunga kutoka kwenye koleo hadi kwenye bolti ya sanduku. Tulikaza sana, kama tulivyoagizwa. Wasichana ninaowafundisha kuchomelea leo huwachorea jambo hilo ubaoni, nao hushika vichwa kabla sijamaliza kuchora. Yule mnyama aliyekuwa anauma ndani ya sanduku tu, tulikuwa tumemtengenezea daraja: kutoka sandukuni hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye mlango wa kanisa.

Mchungaji Elia alifika alasiri hiyo na mama wawili wa kwaya kuutazama mlango wao. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Kwa adabu yake, akaona yaya Sifa ametoka kufagia, akavua viatu vyake vya matope pembeni, akaja pekupeku kwenye udongo uliolowa. Mashine ilikuwa inanguruma. Mimi nilikuwa nimeinamia fimbo ya pili, kinyago kimeinuliwa, kwa hiyo niliona yote. Mchungaji alisema, “Bwana abariki mikono ya bafundi,” akaweka kiganja juu ya mlango.

“Alleluia!” akapaza sauti, akaruka nyuma.

“Amina!” wakaitikia mama wa kwaya, na mmoja akaanzisha wimbo. Waliimba karibu ubeti mzima kabla hawajaona kwamba mchungaji ameketi kwenye majivu ya jiko, anautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. Safari alikuwa amekwisha kuruka ukutani kuzima. Yaya alileta maji, mtu mwingine akaleta sukari, Kazungu akaleta shauri. Mchungaji alipopata pumzi aliukunja mkono, akaukunjua, akahakikisha kidole kimoja kimoja, kisha akasema kwa upole, “Safari, huu mulango bado haujaokoka.”

Tulicheka, naye akacheka, lakini niliona midomo ya Safari ilivyokuwa mikavu. Mama wa kwaya walipoondoka alichomoa waya, akaukunja, akauweka juu ya sanduku kama unavyoweka kitambaa juu ya maiti. “Basi,” akasema. “Imekwisha. Itaua mutu.” Akamwambia Kazungu aje Jumamosi na nyundo yake. Mimi niliingia chumbani kujifanya ninakunja nguo. Kati ya chumba na baraza palikuwa na pazia la kitenge tu, na pazia halijawahi kuzuia maneno.

“Na mulango ya kanisa?” yaya alikuwa anauliza.

“Watatafuta fundi ya kule Base Camp.”

“Na Mauwa?”

“Mauwa ataenda lima na bengine. Ama yule mama wa Mbarara mwenye alitafuta mutu wa kazi ya nyumba. Ntafanya je, Sifa? Unataka nizike mutu juu ya kazi?”

Nilisimama na blauzi mkononi. Hakuwa amekosea; mtu mwenye huruma angesema vile vile. Lakini niliyaona maisha yangu yakitoka nyumbani mwa dada yangu Jumamosi pamoja na shaba. Nikafungua pazia. “Munipe mashini niirudishe kwa mwenye aliisuka,” nikasema. “Kama hataiponyesha, Kazungu aivunje.” Safari akauliza nitakwenda na nani. Nikamwambia nitakwenda na mashine. Yaya Sifa ndiye aliyeamua: alifunua kifuniko cha sanduku lake la nguo, akatoa kitenge chake cha zamani, akaanza kuifunga mashine kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Tulipanda pikapu ya mfanyabiashara wa nyanya, mimi mbele na mashine nyuma kati ya matenga, na tulipofika Mbarara dereva, kwa wema tu, akanifikisha hadi Nyamityobora. Nyumba ya Afande ilikuwa mbele, na nyuma yake ulipangana mstari wa vyumba vya kupanga walimokaa wake wa askari ambao waume zao walikuwa kazini mbali. Uani kamba za nguo zilijaa mashuka, redio tatu zilisema mambo matatu, na wanawake waliokuwa wakifua walikuwa wanajadili kwa sauti kama mwanamume anayetuma salamu kila wiki lakini hatumi sabuni anahesabika kuwa ameoa. Maama Peninah alinitoa kati yao. “Agandi!” akanisalimu. “Nimarungi,” nikajibu, na hapo Kinyankore changu kilikuwa kimekwisha. Kabla ya kuniuliza nimetoka wapi alinikalisha sebuleni, penye viti vilivyofunikwa vitambaa vya kufuma na picha ya Afande akiwa kijana mwembamba mwenye kofia kubwa, akaniwekea karo, ugali wao wa ulezi, na bakuli la eshabwe, ule mchuzi mweupe wa samli. Nilimega kama tunavyomega bugali, tonge la mtu aliyelima. Alicheka akanionyesha: kidogo, duara, chovya, meza. Nimekula eshabwe mara nyingi tangu hapo na bado namega kubwa.

Afande aliingia akiwa na buti za jeshi ambazo nadhani zilistaafu siku aliyozikwa yeye mwenyewe. Hakukaa. “Wewe ndiyo mtu ya Kashojwa? Kale, sawa. Sema polepole, tangu mwanzo. Ilianza lini? Nani alikuwa karibu? Mvua ilikuwako?” Nilimweleza kama nilivyomweleza Safari, ila yeye hakunitania, alitikisa kichwa kwa kila jibu. Tukatoka uani. Akafungua kitenge, akaushika waya wa kuingizia umeme, akaugeuza mwisho wake, uso wake ukabadilika.

“Banange! Asi iko wapi?”

Nilimtazama Maama Peninah.

“Nauliza asi! Nani aliondoa asi? Nyinyi watu ya Kashojwa, asi mulipeleka wapi?”

Nilikotoka mimi, mwanamume mwenye buti za jeshi akikuuliza kwa sauti kubwa waasi wako wapi, hukimbilii kujibu. Wanawake wa kufua walikuwa wameacha nguo, wanatutazama. Nikakusanya adabu yote niliyofundishwa. “Afande,” nikasema, “kwetu hamuna baasi. Hata mumoja. Siye tuko batu ba kanisa.”

Kisha Maama Peninah akacheka, kicheko cha vifuniko vya masufuria vinavyoporomoka kabatini, na nyuma yake ua wote. Afande aliketi juu ya mashine, akajipiga paja, machozi yakamtoka. “Waasi! Mimi natafuta waya, yeye ananipa ripoti ya vita!”

Alipoweza kusema alinionyesha. Ndani ya ule waya mnene mna nyaya tatu nyembamba. Wa tatu, wenye rangi ya njano na kijani, ulikuwa umekatwa mfupi na kufichwa. Akainama, akachota udongo wa uani, akaniwekea kiganjani. “Hii. Hii ndiyo asi. Ni Kizungu. Huyu waya anashika bodi ya mashine na kuipeleka kwa udongo. Umeme ikiwa na wazimu, inakimbia huku chini, hapana kwa mtu. Tena inakata swichi ya ukuta, unajua kuna shida.”

“Kumbe ni tere!” nikasema. “Siye tunaita tere. Masi ni hii.” Nikainua koleo.

Aliitazama koleo. Akanitazama mimi. Kicheko kikamtoka usoni taratibu. “Nilisema funga asi kwa bodi. Mulifunga koleo?”

“Mulisema tukaze.”

“Na nani aligusa?”

“Mchungaji.”

“Alikufa?”

“Alisema alleluia.”

Nguo hazikufuliwa tena alasiri ile. Mwanamke mmoja alilala chali kwenye majani. Neno nililolisikia Masha, mwisho wa masimulizi ya Maama Peninah, lilikuwa hilo.

Aliyekata waya wa tatu, nilijua, ni Safari. Kwao alizoea plagi ya miguu miwili, na waya usiokuwa na mguu wa kusimamia aliuona hauna kazi. Lakini waya huo uliokosekana ulieleza tu kwa nini tuliumwa. Haukueleza umeme ulitokaje kwenye shaba hadi kwenye bati. Afande alileta taa ya kupimia, balbu ya kawaida yenye nyaya mbili, akaiunga ili iwake ikiwa kuna njia kati ya shaba na sanduku. Iliwaka wekundu hafifu, kama kaa la mkaa. “Adui iko ndani,” akasema, akachukua bisibisi kwenda upande wa kulia penye mzingo mkubwa.

“Afande, inauma tukiisukuma kushoto,” nikamwambia. “Ikienda kushoto waya inajivuta.”

Alisimama. “Basi vuta.”

Nilivaa viatu vyake vya mpira, nikauvuta waya wa kuingizia. Balbu ikawaka sana. Nikalegeza, ikafifia. Nikavuta tena, na tena, mpaka Maama Peninah akauliza kama tunatengeneza au tunacheza. Tulizima, tukafungua bati, na hapo palikuwa wazi kama meno: pale waya unapopita kwenye tundu la sanduku, ukingo wa bati ulikuwa umeukata ngozi taratibu, kila mara mashine iliponguruma, mpaka shaba ikachungulia, ndogo kama punje ya mchele. Maji ya mvua yalimaliza kazi. Afande alipitisha kidole kwenye ukingo huo kwa muda. “Hii tundu nilitoboa mimi,” akasema. “Kuweka mpira nilisahau.” Kisha, bila kumtazama mkewe, akaomba kandambili. “Mguu moja tu,” akasema, na Maama Peninah aliyekuwa amezivaa akapiga kelele kwa lugha zote alizokuwa nazo. Tulikata duara, tukalipitisha tunduni, tukaufunga waya utepe, tukaweka plagi ya miguu mitatu. Balbu haikuwaka hata nilipovuta kwa nguvu zangu zote. Ni giza pekee nililowahi kulipigia makofi.

Aliniaga akiwa amenipa chuma kirefu chenye ncha. Nikipigilie, akasema, mahali palipolowa karibu na karakana, nikiunge na ule waya wa tatu. “Na usisahau: asi inakunywa maji. Udongo ikikauka, asi inalala.”

Jumamosi nilipofika, Kazungu alikuwa ametangulia. Alikuwa ameketi ndani ya toroli lake, nyundo mapajani. Mguu mmoja wa toroli ulikuwa umevunjika na umefungwa kwa mpira wa baiskeli, kwa hiyo aliketi upande upande kama mtu aliye katika mtumbwi. “Karibu, shemeji,” akasema. “Mulinifungia shaba yangu vizuri na kitenge.” Nilikipigilia chuma pale yaya Sifa alipozoea kumwaga maji ya vyombo. Nilipomweleza kuwa sasa amwage hapo kila siku, alishika kiuno. “Nalisha batu, sasa nanywesha na vyuma!” Lakini alimwaga. Mchungaji Elia na kwaya yake walikuwa wamesimama barabarani, wote na gambuti, ingawa jua lilikuwa kali.

Niliunga waya, Safari akawasha. Mashine ikanguruma. Safari alinyoosha mgongo wa mkono kuelekea sanduku, mkono ukafika katikati, ukasimama. Ningeweza kusema nilikuwa jasiri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuvuta ule waya mara nyingi mno kiasi cha kutokuwa na shaka. Nilivua viatu. Nilisimama pale pale kwenye tope la maji ya vyombo, nikaweka kiganja kizima juu ya bati la kijani, nikakiacha. Lilikuwa linatetemeka kidogo, kama paka aliyeshiba. Nikaweka na mkono wa pili.

“Iko namna gani?” mchungaji akauliza kutoka barabarani.

“Kuya mushike, Baba!”

“Apana,” akasema. “Miye ninaamini bila kugusa.”

Nilivaa viatu na kinyago, nikashusha fimbo, moto ukashika kwa mguso wa kwanza. Niliunga bawaba ya chini ya mlango bila kuinua uso. Mlango huo ulisimamishwa kabla ya Pasaka, na mbuzi walipiga kambi nje yake siku kadhaa wakiwa wamenuna; bado uko, nimepita nikauona, kutu ndogo tu pembeni. Lakini ninapoukumbuka mwaka ule siukumbuki mlango kwanza. Nakumbuka nilipoinua kinyago nikamkuta Kazungu amesogea karibu sana, mkono umekinga macho, anatazama yale magamba ya samaki yakipoa kutoka wekundu kuwa kijivu. Alitazama kwa muda, akarudi, akaitupa nyundo ndani ya toroli, akalisukuma kwetu. Safari, kwa mazoea, alinyoosha mkono apokee, apime, wazungumze. Kazungu alimpita. Akalipindua toroli miguuni pangu, mguu uliovunjika juu.

“Fundi,” akaniambia, “nisudeye huu muguu.”

Safari alirudisha mkono wake, akaufuta kwenye suruali polepole, kisha akaenda kunitafutia kipande cha chuma kinachofaa. Niliuchomelea. Kazungu hakungoja upoe vizuri. Aliondoka na toroli tupu, na kila hatua chache njiani alilisimamisha, akaachia mikono, akalitazama kama linasimama. Lilisimama. Akalishika tena, akaenda hatua chache nyingine, akaliachia.